Kishikwambi kinafundisha kusoma, kufikiri je?

Desemba 2017, katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania, lilianza jaribio ambalo kila wizara ya elimu katika kanda hii ingefaa kulisoma upya. Karibu watoto 3,000 waligawiwa vishikwambi. Hawakupewa mwalimu wala darasa. Kila kijiji kilipata kituo kidogo cha kuchajia kwa umeme wa jua, na ndani ya kila kishikwambi mliwekwa programu ya mtoto kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili.

Hiyo ilikuwa hatua ya mwisho ya shindano la Global Learning XPRIZE, lenye fungu la dola milioni 15, lililoendeshwa kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Timu 5 zilifika fainali. Watoto walipimwa kabla ya kuanza: asilimia 74 walisemekana hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 wakapimwa tena, na kundi la wasioweza kusoma hata neno moja lilikuwa limepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zilitangazwa washindi kwa pamoja.

Wengi walioandika habari hiyo waliandika upande wake mmoja. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga darasani kujifunza kusoma nyumbani kwao, akishirikiana na wenzake kuzunguka kioo kimoja, ni jambo kubwa, na atakayelibeza hajawahi kukaa kijiji kisicho na shule. Upande wa pili ni kwamba nusu ya kundi lile ilibaki pale pale. Tena kipimo kilikuwa cha herufi, maneno na hesabu, kwa kuwa ndicho walichokusudia waandaaji. Hakuna aliyeuliza kama mtoto wa Tanga, baada ya miezi 15, aliweza kutunga hadithi yake, kubuni kitu ambacho programu haikumwonyesha, au kuhoji alichosoma.

Programu ya onebillion baadaye imepata makao makubwa Malawi, ambako watengenezaji wake walikuwa wamefanya kazi kwa Kichewa hata kabla ya Tanga. Serikali ya huko imeamua kuipeleka shule za msingi awamu kwa awamu, na watoto wanaitumia kwa zamu mwalimu akiwa anawasimamia. Angalia tofauti hiyo. Tanga mwalimu aliondolewa makusudi ili mashine ipimwe peke yake. Malawi, ilipofika wakati wa kazi ya kweli, mwalimu alirudishwa.

Hesabu ya mashine

Kanda yetu ina uzoefu wa kutosha wa vifaa shuleni. Rwanda iliingia katika mpango wa One Laptop per Child mwaka 2008, na kompyuta ndogo za kijani na nyeupe zaidi ya 200,000 zikapelekwa kwa wanafunzi wa shule za msingi, idadi kubwa kuliko karibu nchi nyingine yoyote ya Afrika. Baadaye Kigali ikageukia madarasa ya kisasa yenye kompyuta zilizounganishwa nchini na kampuni ya Positivo BGH. Kenya nayo ilianza na ahadi ya kampeni ya mwaka 2013, kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata kipakatalishi. Mwaka 2016 ahadi ilipotekelezwa, kilichofika kilikuwa kishikwambi, na vikafika vingi: zaidi ya milioni moja, katika shule za msingi zaidi ya 20,000.

(Msomaji atanisamehe kwa majina. Mkenya husema kipakatalishi, Mtanzania kompyuta mpakato, na ukifika dukani, iwe Bujumbura, Kampala au Goma, utaulizia laptopu. Tumekubaliana juu ya ushuru wa forodha kabla ya kukubaliana juu ya jina la mashine.)

Katika nchi zote mbili taarifa za maofisa zilihesabu vifaa: vingapi vimefika, shule ngapi zimepata umeme, walimu wangapi wamehudhuria semina. Magazeti ya Kenya yakaandika tena na tena juu ya vishikwambi vilivyofungiwa kabatini. Mtu wa mbali angedhani ni uvivu. Lakini mwalimu mkuu ambaye amekabidhiwa mali ya serikali, shuleni kwake hakuna mlinzi wa usiku wa uhakika, na anajua kikipotea kimoja ataandika barua mpaka astaafu, atafunga kabati. Hata mimi ningefunga.

Swali ambalo taarifa hizo hazikujibu ni lile la msingi: mtoto alipokishika kile kifaa, alifanya nini nacho?

Kobe mwenye kalamu

Wazo la kumpa kila mtoto kompyuta lilivumishwa na Nicholas Negroponte wa MIT, Marekani, alipolitangaza mwaka 2005. Mizizi yake, hata hivyo, inarudi Afrika. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928 na kukulia Afrika Kusini, alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, bingwa wa kuchunguza jinsi watoto wanavyofikiri, kisha akahamia MIT. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, katika siku ambazo kompyuta moja ilijaza chumba na bei yake ingejenga shule. Mwaka 1982 walileta kazi hiyo Dakar, Senegal, katika mpango uliofadhiliwa na Ufaransa. Kwa hiyo anayedhani kwamba mjadala huu umeingia Afrika na simu za mkononi amechelewa kwa miaka mingi.

Katika Logo kulikuwa na kobe. Mwanzoni alikuwa roboti halisi anayetambaa sakafuni akiwa na kalamu tumboni. Baadaye akawa alama kwenye kioo. Kobe huyo hajui lolote isipokuwa kutii: nenda mbele, rudi nyuma, geuka kulia, geuka kushoto. Anapokwenda, kalamu inachora njia yake. Mtoto anayetaka mraba hana kitufe cha mraba. Lazima amwambie kobe: nenda hatua 100, geuka kulia nyuzi 90, halafu arudie hivyo mara 4. Akikosea akaandika nyuzi 60, mraba haupatikani. Kunatokea umbo jingine lisilofunga, na hapo ndipo somo linapoanza. Mtoto hapati alama ya mkasi wala nyekundu ya mwalimu. Anaona kobe alikokwenda, anajiuliza nilimwambia nini hasa, anarekebisha, anajaribu tena.

Sasa mwambie achore duara. Mtu mzima aliyesoma jometri atakumbuka kitovu, nusu kipenyo na namba pai, na haviwezi kumsaidia kwa kobe. Mtoto wa miaka 9 akifikiria mwili wake mwenyewe unavyozunguka anagundua: nenda hatua moja, geuka nyuzi moja, rudia mara 360. Hakuna aliyempa kanuni hiyo. Amezaa wazo kubwa la hisabati kutoka katika miguu yake, na akishalipata hataridhika na duara moja. Atataka maduara yanayopishana yawe ua, na ua liwe bustani.

Hicho ndicho Papert alichokiita kujifunza kwa kutengeneza. Alisema wazi kwamba shule nyingi zinatumia kompyuta kumpangia mtoto, ilhali yeye anataka mtoto aipangie kompyuta. Hoja yake mzee yeyote wa kwetu angeielewa bila kutafsiriwa, maana katika ngano zetu Kobe hashindi kwa mbio. Hushinda kwa kupanga.

Ndani ya zile kompyuta za kijani zilizokuja Rwanda kobe huyu alikuwemo, kwa sura ya programu ya kuchora kwa kuunganisha vipande vya amri. Ilikuwemo pia Scratch, mjukuu wa Logo, iliyotoka MIT mwaka 2007, ambayo mtoto anaitumia kutunga michezo na hadithi zinazotembea. Kifaa cha ubunifu kilifika. Kilichochelewa ni mtu wa kumwonyesha mwalimu kwamba kipo, na kumhakikishia kwamba kelele itakayozuka darasani siku hiyo haitaandikwa na mkaguzi kuwa utovu wa nidhamu.

Funzo la Peru

Nchi iliyonunua nyingi zaidi ya kompyuta hizo ni Peru, zaidi ya 800,000, na huko ndiko zilikochunguzwa kwa makini. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika walichapisha matokeo kutoka shule 319 za vijijini, zilizopata kompyuta zikilinganishwa na zisizopata, baada ya miezi 15. Katika hisabati na lugha hawakuona tofauti yoyote. Katika vipimo vya kufikiri kwa jumla, vile vya kutambua mpangilio wa maumbo na kulikamilisha, watoto wenye kompyuta walikuwa mbele kidogo. Watu wa kila upande walichukua kipande kilichowapendeza: wapinzani wakasema fedha imepotea, watetezi wakasema akili imenolewa. Utafiti wa baadaye, uliofuatilia wanafunzi hao kwa muda mrefu, umewapunguzia watetezi furaha. Ujuzi wa kutumia kompyuta uliongezeka. Ufaulu darasani haukuongezeka.

Ninavyousoma mimi, ushahidi huo haumhukumu kobe. Unahukumu imani kwamba kifaa kikishatua mezani fikra zitafuata zenyewe. Kompyuta iliyowekwa mbele ya mtoto bila kazi ya kufanya inakuwa kile kilicho rahisi zaidi kuwa, yaani redio yenye picha.

Mashine inayojibu

Tulikuwa bado tunabishana juu ya vifaa, Novemba 30, 2022 ikaja ChatGPT, na baada yake wenzake wengi. Akili mnemba, wasemavyo Watanzania. Wengine wanaiita akili unde au akili bandia. Tofauti yake na kobe ni kubwa. Kobe hajui kitu mpaka mtoto amwambie. Hii inajua, au inajifanya kujua, kila kitu, na inajibu kabla mtoto hajamaliza kufikiria swali. Tena haihitaji kontena bandarini wala zabuni ya serikali. Inapita katika simu ya mzazi kwa kifurushi cha siku moja.

Ushahidi wa mapema juu yake umeshapatikana, na unastahili kusomwa polepole. Nchini Uturuki watafiti waliwagawa karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari makundi matatu katika vipindi vya mazoezi ya hisabati. Kundi moja lilitumia vitabu na madaftari kama kawaida. La pili lilipewa mashine ya kuzungumza ya kawaida, inayojibu chochote. La tatu lilipewa mashine ile ile, lakini imefungwa kwa maelekezo ya walimu: itoe dokezo, isitoe jibu. Wakati wa mazoezi kundi la pili lilifanya vizuri kuliko la vitabu kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127. Mzazi angeishia hapo angefurahi. Kisha mashine zikaondolewa, mtihani ukaletwa. Kundi la pili likaanguka, asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakugusa mashine kabisa. Kundi la tatu halikuanguka.

Mashine ni moja, watoto wa shule moja, somo moja. Kilichotofautisha ni kama inasema "jibu ni hili" au "umejaribu kuangalia hapa?"

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Katikati ya mwaka 2024, katika jimbo la Edo, Nigeria, Benki ya Dunia iliendesha vipindi vya jioni kwa wiki 6: wanafunzi wa sekondari wakitumia akili mnemba kujifunza Kiingereza, huku mwalimu akiwa chumbani, akifungua kipindi kwa swali, akipita mezani, akifunga kwa majadiliano. Maendeleo yao yaliwashangaza hata waandaaji. Kwa hiyo anayesema mashine hizi zinaua akili, na anayesema zitaokoa elimu ya Afrika, wote wawili wanaweza kuleta mezani utafiti wa kweli. Wote wawili wataruka sentensi inayoeleza mwalimu alikuwa wapi.

Juma, mzee na mti mkubwa

Hadi hapa tumezungumza juu ya kufaulu. Kubuni ni jambo jingine, na hapa ndipo mimi nina wasiwasi zaidi.

Mwaka 2024 watafiti wawili wa vyuo vya Uingereza, Anil Doshi na Oliver Hauser, walichapisha jaribio katika jarida la Science Advances. Karibu watu 300 waliombwa waandike hadithi fupi sana, ya sentensi 8. Wengine waliandika peke yao. Wengine waliruhusiwa kuomba wazo kutoka kwa akili mnemba. Wasomaji 600 wakazipima bila kujua ipi ni ipi. Hadithi zilizosaidiwa zilionekana kuwa za kibunifu zaidi na zenye kupendeza zaidi, hasa za wale ambao kwa kawaida si watungaji hodari. Lakini zilipowekwa pamoja zilifanana. Kila mwandishi mmoja mmoja alinufaika, na kapu zima likawa na ladha moja.

Nilijaribu nyumbani. Niliiomba mashine hadithi ya kufafanua methali "Mchagua jembe si mkulima". Nikafuta, nikaomba tena, kisha mara ya tatu kwa methali nyingine kabisa. Mara zote tatu palikuwa na kijiji kidogo, kijana aitwaye Juma, na mzee mwenye hekima aliyeketi chini ya mti mkubwa. Kiswahili kilikuwa safi. Juma alijifunza somo lake kila mara, na kila mara jua lilikuwa linazama. Fikiria sasa watahiniwa laki kadhaa, kutoka Mombasa hadi Kisangani, kila mmoja na Juma wake.

Lakini tusiisingizie mashine dhambi zetu. Yeyote aliyesahihisha insha za shule katika kanda hii anajua kwamba wanafunzi wamekuwa wakikariri vifungu vya kupamba insha tangu zamani: namna ya kueleza alfajiri, namna ya kueleza furaha ya mama, tamati ya kila hadithi. Vipo vitabu vinavyouza vifungu hivyo, na wapo walimu wanaovitolea alama. Tulikuwa tumeshamfundisha mtoto kwamba kuandika vizuri ni kuandika kama mwingine. Mashine imekuja kuifanya kazi hiyo kwa haraka, na inaifanya vizuri kwa sababu ndiyo kazi yake hasa: kutabiri neno ambalo kwa kawaida hufuata.

Jadi yetu ilikuwa na zoezi la kinyume. Kitendawili hukulazimisha kuona kitu cha kila siku kana kwamba hukijui, na anayeshindwa hutoa mji. Washairi wa pwani walijibizana, na jibu lilipimwa kwa namna lilivyopindua hoja ya mwenzake. Mtoto akijibu kitendawili kwa jibu ambalo halikutarajiwa lakini linakaa, wazee walicheka na kumpa. Sijui mtihani gani wa taifa leo una nafasi ya alama hiyo.

Nani anafanya kazi ya nyumbani?

Jambo hili linaanza kugusa vyeti. Nchi zetu zote kubwa zimebadili mitaala katika muongo mmoja uliopita, na zote zimeahidi ubunifu. Rwanda ilianza mwaka 2016 na mtaala wa umahiri. Kenya ilifuata na mtaala wa umilisi, ambao unataja ubunifu na matumizi ya dijitali miongoni mwa stadi zake 7 za msingi. Uganda ilileta mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, mara tu kabla ya korona kufunga shule zake karibu miaka 2, kipindi kirefu kuliko nchi nyingine duniani. Tanzania ilianza wake Januari 2024.

Mitaala hii inapunguza uzito wa mtihani wa mwisho na kuongeza ule wa kazi za mwaka mzima. Uganda, asilimia 20 ya alama za cheti cha kidato cha nne sasa hutokana na kazi na miradi inayotathminiwa shuleni, na watahiniwa wa kwanza wa utaratibu huo walifanya mtihani mwaka 2024. Nia ni njema: mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya, si anachokumbuka kwa saa mbili. Bahati mbaya milango hiyo ilifunguliwa wakati ule ule mashine ya kufanya miradi ilipoanza kupatikana bure.

Kenya wazazi walishalalamika kabla yake. Miradi ya nyumbani ya mtaala mpya, walisema, inafanywa na wao usiku, kwa gundi na maboksi waliyonunua wao, na asubuhi mtoto anabeba kazi ya baba yake. Sasa baba anaweza kulala. Mwenye simu nzuri na bando atawasilisha mradi uliopangika; asiye nayo atawasilisha wake wenye makosa, alioufikiria mwenyewe, na atapata alama chache. Kama ubunifu unapimwa kwa usafi wa karatasi, mtoto wa pili ndiye atakayeadhibiwa, na ndiye aliyefanya kile ambacho mtaala umeomba.

Dawa ya bei nafuu ipo, nayo ni mdomo. Mwalimu anayepokea mradi akamwambia mwanafunzi, "Nieleze ulivyofika hapa, na mahali uliposhindwa ukafanyaje," atajua ndani ya dakika tatu. Ugumu ni hesabu: darasa la wanafunzi 80 kwa dakika tatu ni saa nne. Mabaraza ya mitihani yanayonunua mitambo ya kunasa maandishi ya mashine, ambayo inajulikana kukosea na kuwashutumu wasio na hatia, yangefanya vyema kuzipima fedha hizo dhidi ya mishahara ya walimu wa ziada.

UNESCO katika mwongozo wake wa Septemba 2023 ilipendekeza mtoto asitumie akili mnemba ya kuzungumza darasani kabla ya kufikisha umri wa miaka 13. Ni pendekezo tu, na katika nyumba ambazo simu moja hutumiwa na watu sita sioni nani atalisimamia. Lakini lina maana ya kielimu zaidi ya kipolisi: miaka ya kwanza ni ya kujenga kile ambacho baadaye utaikosoa nacho mashine.

Lugha nayo ina sehemu yake. Watoto wa Tanga walisoma kwa sababu kishikwambi kilizungumza lugha yao. Mashine za kuzungumza zimelishwa Kiingereza kingi kupita kiasi, na Kiswahili chake, kama nilivyoona kwa Juma, ni cha vitabuni. Waganda na Warundi wanaoanza Kiswahili shuleni leo wanaweza kukifahamu kwa sura hiyo tu. Rwanda imeonyesha njia: kupitia mradi wa Common Voice na kampuni ya Digital Umuganda, watu wa kawaida wamerekodi zaidi ya saa 2,000 za Kinyarwanda, mojawapo ya hazina kubwa za sauti za wazi duniani kwa lugha yoyote. Sauti hizo zinasema vitu ambavyo hakuna kitabu cha kiada kinachovisema.

Na kwa mwalimu anayesoma haya akiwa na laptopu moja, au hana kabisa: Scratch ni ya bure, ina Kiswahili katika orodha yake ya lugha, na inafanya kazi bila intaneti kwenye mashine kuukuu. Isipokuwepo hata hiyo, Papert alikuwa akiwaambia watoto wasimame, wajifanye kobe. Uwanja wa vumbi unatosha, na fimbo ya kuchorea. Mtoto mmoja awe kobe, asifanye lolote asiloambiwa; wengine wampe amri kwa zamu mpaka achore duara. Kuna siku atagonga mlingoti wa bendera kwa sababu hakuna aliyekumbuka kusema simama, na darasa zima litataka kuandika amri hiyo upya.